Karatasi ya Makapi ya Chikichi

"Ndugu wanafunzi, leo Korogwe inaachana na karatasi za wakoloni," Mwinjuma alitangaza, huku uji wa makapi ya chikichi ukimtiririkia kwenye soksi.

Makapi hayo aliyachemsha kwa maji ya majivu, yakakataa kushikana. Lakini mwalimu aliahidi kwamba karatasi ikifaulu, kidato kizima kitasamehewa jembe kwenye shamba la shule.

Basi akainua karatasi nyingine, nyeupe, nyororo kama ukungu wa milima ya Lutindi. Mwanga ukapita ndani yake polepole, na Mwinjuma mwenyewe akaanza kuiamini.

Mwalimu akaisogeza dirishani. Katikati ulilala uzi mwekundu wa kudarizi.

"Mwanangu, mchikichi nao hudarizi?"

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mwinjuma. "Ni pamba ya mto wako wa kulalia. Na foronya kidogo."