Kikapu cha Miwani

Mchungaji alifungua Biblia mbele ya kanisa lililofurika, herufi zikamtembea machoni kama sisimizi. Mwaka mzima alikuwa akisoma kwa kukariri, huku akifunua kurasa.

Miguuni pake kulikuwa na kikapu cha miwani ya waumini. Ni yeye aliyehubiri, mpaka redioni, kwamba kuvaa miwani ni kukosa imani.

Akatoa miwani mfukoni, akaivaa.

“Baba, usituvue nguo mbele za watu,” mkewe alinong’ona kutoka kiti cha mbele.

“Hawa niliwavua macho, mama.” Akainua kikapu. “Kila mtu aje achukue yake.”

Hakuna aliyejongea. Kisha mama mzazi wa mchungaji akainuka, akaja akipapasa viti.

“Yangu ina kamba nyekundu,” akasema. “Nitafutie wewe unayeona.”