Nywele za Bibi Harusi

"Hatoki mtu hapa," shangazi wa bibi harusi alisema, akauziba mlango wa saluni kwa mwili wake, na mwili anao.

Kifurushi cha nywele za bibi harusi kilikuwa kimetoweka. Ndiyo, nywele, usicheke. Ukifumuliwa, zile zinazong'oka hukusanywa, unakwenda nazo kwenu ukazichome mwenyewe. Zikiokotwa na mwenye husuda, kwisha habari yako. Wasomi wanasema ni upuuzi, lakini mke wa daktari hutoka saluni hiyo hiyo na zake mkobani. Mambo haya yalikuwepo kabla ya shule, na shule imeyakuta yapo.

Saluni hii ndiyo inayomlisha msusi na wanawe, na saluni inayopoteza nywele za mteja haiingii mtu tena.

Akaanza kuwapima watu kwa macho. Mama Kimya, pale pembeni: amekuja kuoshwa tu, mbona haondoki? Na mfagiaji, ambaye siku zote mpaka asukumwe, mbona leo kafagia bila kutumwa? Kila uso aliotazama ulikuwa wa mchawi.

Mikoba ikamwagwa. Ndoo ya taka ikapinduliwa. Mfagiaji alilia kwa uchungu, Mama Kimya akaapa hatakanyaga tena hapo. Kifurushi hakikuonekana.

Bibi harusi alikaa mbele ya kioo, nusu kasukwa, nusu bado, machozi yakimtiririka. Maskini, ni nani angemsumbua kwa maswali?

Shangazi akampigia simu bwana harusi, yule mzee wa maduka ambaye shangazi mwenyewe ndiye aliyemtafuta na kumsifu kwa nyumba nzima. "Nywele za mtoto ziko mikononi mwa watu," alimwambia. "Ndoa haifungwi mpaka zipatikane." Mzee hakubisha. Alisema afadhali atafute kwingine, hataki kuingiza uchawi nyumbani kwake.

Shangazi alikata simu, akamgeukia msusi. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nani mwingine alizishika? Nitahakikisha mtaa mzima unajua."

Msusi aliwasindikiza hadi kwenye gari, akiomba radhi, akijua kesho viti vyake vitakuwa vitupu. Shangazi alizunguka kupanda upande wa pili. Bibi harusi akashusha kioo, akamshika msusi mkono kwa nguvu. Kitu laini kikaingia kiganjani.

"Nisamehe, dada," alinong'ona. "Zichome wewe. Nyumbani watanipekua."

Msusi akafumba ngumi.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," shangazi alisema kutoka upande ule. "Ziko wapi?"

Msusi alimtazama binti, akautazama mlango wa saluni yake.

"Sijui, mama," akajibu.