Mashine ya Kumfaa Mariette

"Hii haikate nyama. Inaitafuna," Mariette alisema, akamsukumia Sulait mashine ya alumini ya kusagia nyama kama mtu anayerudisha sahani chafu.

Sulait alikuwa ameuza vyombo vya jikoni kwa miaka tisa hapo Mbarara mjini. Wenye hoteli walinunua kwake, na wake za maofisa pia. Sasa mkimbizi wa Kikongo, katoka Juru katika kambi ya Nakivale, vumbi jekundu mpaka magotini, anasimama mbele ya meza yake na ndoo ya plastiki na kumfundisha habari za mashine!

"Nyabo, mama, wewe unajua nini? Huko kambini mnakula posho na maharage. Soseji ulionea wapi?"

"Bukavu. Papa yangu alikuwa anatengenezea mapadri."

Akafunua ndoo. Juu ya vipande vya barafu ilikuwapo nyama iliyokatwa vidole vidole, na mafuta yake yamefungwa pembeni katika mfuko.

Sulait alirudi nyuma hatua moja. "Nyama ya nini hii? Ile konzi nimeisaga bila kuuliza!"

"Ya ng'ombe. Nimenunua Biharwe, bucha ya Waislamu. Usiogope." Akainua ile konzi ya nyama yake ambayo Sulait alikuwa ameisaga kwa kumjaribishia, akaiminya. Maji mekundu yakachuruzika. "Unaona? Maji yote inatoka. Soseji ya hivi itakuwa kavu kama kiatu. Leta ingine."

Sulait angeweza kumfukuza papo hapo. Lakini wateja wawili walikuwa wamesimama wakisikiliza, naye hakutaka isemwe kwamba mwanamke wa kambini amemshinda neno. Akatoa mashine ya chuma cha kusubu, nzito, akaifunga mezani kwa skrubu yake. Alizungusha mpini mwenyewe, kwa kuwa hakutaka yule mama aiguse.

Mariette alitia nyama kidogo kidogo, kisha akasugua iliyotoka kati ya vidole.

"Tundu ni kubwa. Weka kisahani kingine."

Sulait akafungua kile kisahani cha matundu, akaweka cha matundu madogo, akasaga upya. Jasho lilimtoka kwapani.

"Sasa afazali," Mariette alisema. "Lakini inachokesha. Kama mwanaume anahema hivi, mimi nitafanya aje? Ile ya Mahadi, ng'ambo ya barabara, inazunguka kama maji."

Mahadi! Mtu aliyefungua duka juzi, asiyejua hata kunoa kisu cha mashine! Sulait alipanda kwenye kigoda, akashusha mashine ya umeme ambayo haikuwa ikishushwa bila sababu.

"Kwanza niambie. Juru kuna umeme?"

"Hakuna."

"Sasa ya umeme utafanyia nini?"

"Umeme itakuja siku moja. Mashine mubaya itabaki mubaya."

Mmoja wa wale wateja akacheka. Sulait hakujua anachekwa nani, akazidi kukasirika. Akachomeka waya ukutani na kufunga mrija wa kujazia soseji. Akaapa moyoni kwamba atasaga ndoo nzima, mama huyu akose la kusema.

Na akaisaga yote. Mariette alikoroga humo chumvi, vitunguu saumu na pilipili manga kutoka kwenye kikaratasi, kisha akatoa matumbo membamba ya mbuzi, yaliyooshwa yakawa meupe, akayavisha kwenye mrija. Soseji ikatoka ndefu, laini, ikijikunja mezani. Kila shubiri aliibana na kuizungusha, vidole vikienda mbio, hata Sulait akajikuta anaviangalia badala ya kuangalia mashine.

Alipozima, alikunja mikono kifuani. "Haya. Sema sasa."

Mariette alipanga soseji juu ya barafu iliyobaki, akafunika ndoo. Kisha akaweka kiganja juu ya mota.

"Imeshika moto," alisema kwa huruma, kama anayempa mtu habari ya msiba. "Moto inaharibu mafuta. Hii ni ya batu bavivu."

"Hununui?"

"Papa, siwezi kununua kitu mubaya juu wewe umetoka jasho."

Sulait alizunguka meza, akamfuata mpaka mlangoni ili barabara nzima isikie. "Toka! Ninyi watu hamwezi kununua mashine, mnaweza kupanga foleni tu! Rudi kambini ukangoje mahindi ya bure! Na hivyo vitakataka vyako, nenda navyo!"

Watu wa maduka ya jirani walicheka. Mariette alikaza kifuniko cha ndoo kizingitini. Kisha akajitwika ndoo kichwani, akaondoka bila kugeuka, na nyuma yake zikabaki mashine tatu zimejaa mafuta, zikingoja kuoshwa.

Saa nane mchana alikuwa amevuka mto Rwizi, amefika mlango wa nyuma wa nyumba moja ya wageni huko Nyamitanga. Goretti, mpishi mkuu, alimpokea ndoo kwa mikono miwili.

"Afadhali umefika! Watu wa harusi wameshakaa, nilikuwa karibu kumwita mtu mwingine." Akabonyeza soseji moja, akainusa, akatikisa kichwa kwa furaha. "Zimesagika kuliko hata za Ijumaa iliyopita. Mama Mariette, leo usinifiche. Una mashine gani?"

Mariette aliketi juu ya kreti la soda, akavua viatu.

"Mi nabadilisha kila wiki," alisema. "Mwenye ile ya leo anazarau watu sana. Batu ba vile ndio banasaga muzuri."