Fimbo ya Mwanagenzi

"Umewahi kucheza gofu, mama?" muuzaji alimwuliza Bi Kidawa.

"Wapi! Ndiyo kwanza naanza."

Muuzaji akabonyeza kitufe, akamsajili daraja la mwanagenzi, akampa fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, yenye kichwa kikubwa na mpini mwepesi. "Hii ndiyo inayokufaa. Hata ukipiga kombo, mpira utakwenda."

Bi Kidawa alisahau kwamba siku hizi mtu ana daraja moja tu, nalo ni la kila kitu. Alikuja kukumbuka aliporudi nyumbani, jiko lilipogoma kuwaka. "Wanagenzi hawaruhusiwi kutumia moto," likamwambia.

"Mwanagenzi nani? Mimi niliyepikia watu harusi mpaka nikaota mvi?"

Kabla hajamaliza kufoka, mjukuu wake akaanza kulia chumbani. Akakimbilia kitanda cha mtoto, lakini kifuniko chake cha kioo hakikufunguka.

"Tafadhali subiri mtu mwenye uzoefu," kitanda kikasema.

"Mama yake nimemlea mimi, ewe mdude!"

Mtoto akazidi kulia. Bi Kidawa akaifuata ile fimbo, akaiinua, akalenga komeo la kifuniko, shubiri moja tu kutoka kichwa cha mtoto. Kwa hili, kweli alikuwa mwanagenzi.