Jiwe Jeupe Chini ya Mkwaju

Mama aliniambia zamani nyumba za magurudumu zilikuwa za starehe. Watu walienda nazo ziwani kutembea, kisha wakarudi kwao. Siku hizi kwao hakuna. Nyumba zote zina magurudumu, na sheria haituruhusu kulala mahali pamoja zaidi ya siku tatu. Siku ya nne nyumba hujiondokea yenyewe.

Leo asubuhi, siku yetu ya nne hapa, kitovu cha kitukuu changu kilidondoka. Nikachukua kisu cha jikoni, nikashuka kuchimba shimo na kuzika kitovu chini ya mkwaju, kama ilivyo desturi yetu.

“Bibi, panda! Honi imeshalia mara mbili!” aliita mjukuu wangu Zawena, mama wa mtoto.

“Ngoja, ardhi ngumu.”

“Kwani naendesha mimi?”

Nikafukia, nikaweka jiwe jeupe, nikapanda huku nyumba inatembea.

“Akikua mlete hapa,” nikamwambia. “Pana mkwaju na jiwe jeupe.”

“Na kitovu changu ulisema kipo chini ya mkorosho. Mkorosho gani, Bibi?”

Nilichungulia dirishani. Mikwaju ilijipanga barabara nzima, na chini ya kila mmoja palikuwa na jiwe jeupe.