Shubiri Moja na Nusu

Samaki aliruka, akagonga zege la kalavati linalopitisha mto chini ya barabara, akaangukia majini. Akajaribu tena. Pua yake ilikuwa imechubuka mpaka ikawa nyeupe.

Mkaguzi wa samaki, ambaye sisi wajenzi wa barabara tulimwita Bi Mapezi, alipiga magoti mtoni na sketi yake. Akapima kwa mkono kutoka kwenye maji hadi mdomo wa kalavati. Shubiri moja na nusu.

"Mama, tia saini karatasi ya ukaguzi," msimamizi alisema kutoka juu. "Kesho tunamwaga lami."

"Hawapiti. Wasipopanda mto, hawatagi."

"Si wana mapezi? Wataruka tu."

"Mapezi si mabawa, baba."

Nilicheka, nikiwa nimeegemea mashine yangu ya kuchimba. Msimamizi hakucheka.

"Ulipima mwenyewe, ukapitisha mwenyewe."

"Nilipima mto ukiwa umefurika. Nilikosea."

"Ukiandika hivyo, kazi huna."

"Najua." Akaichukua karatasi, akaandika.

Nina miaka ishirini na mbili barabarani. Nimeona daraja likipinda, wakubwa wakalisingizia jua. Sijawahi kuona mtu akiandika "nilikosea" kwenye karatasi ya ofisi, kisha akatia saini, mkono ukichuruzika maji.

Alipomaliza akaniangalia. "Kaka, unaweza kulishusha kalavati bila kulivunja?"

Kalavati lile nililipanga wiki mbili, bomba baada ya bomba, na nilikuwa nalionea fahari.

Msimamizi alikuwa ametoa simu, anabonyeza kuwatafuta wakubwa. Nikapanda kwenye mashine, nikawasha.