Mpishi Asiyeonja

Nassib wa steshenari alijisifu kwamba programu aliyoitengeneza inabonyeza herufi yenyewe, kwenye kompyuta yoyote. Kompyuta yake hii ni ya mtumba kutoka Ufaransa: kwenye kibodi, pale A inapokaa kwetu, hapa kuna Q.

Mara mbili imeandika neno la siri la mjukuu wangu aliyesimama kando yangu, mara mbili tovuti ya chuo imekataa. Ikikosea tena akaunti inafungwa, na muda wa maombi unaisha leo.

"Tulia, Bibi. Programu haikosei." Kidole cha Nassib chenye kucha ndefu kikashuka kuelekea kitufe cha kuianzisha tena, macho yake kwenye simu.

"Kitendawili," nikasema.

Kidole kikasimama. "Tega."

"Ninaye mpishi asiyeonja mboga."

"Huyo simjui."

"Basi nipe mji."

Akacheka. "Nakupa Bariadi."

"Bariadi ninayo tangu kabla hujazaliwa. Mpishi ni hiyo programu yako: inabonyeza bila kutazama herufi iliyotokea. Inuka, mjukuu wangu akae aandike mwenyewe."